Mwaka wa Kufungiwa kwa Mama Shiro

Shiro alinipigia simu Jumatatu asubuhi kuniambia mamake amefariki, na kabla sijamaliza kumpa pole akaniomba niandike nusu ukurasa kwa niaba ya wapangaji wa zamani, itiwe katika kile kijitabu kinachogawiwa mazishini. Nikakubali. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Moraa, tafadhali, usiandike ile maneno ya kufungiwa." Nikamwambia kama ile maneno ya kufungiwa haitakiwi, basi atafute mpangaji mwingine, maana mimi sina kumbukumbu ya mamake ambayo haina kufuli ndani yake. Tuliachana hivyo, kila mtu na hasira zake. Mazishini nilikwenda. Niliimba, nilitupa udongo, nilikula wali na njahi kama watu wengine, na kile kijitabu nikakisoma toka jalada hadi jalada. Kilisema marehemu alikuwa mpole na mpenda amani. Mpole! Mama Shiro niliyemjua mimi hakuwa mpole hata siku moja, na mimi sikuwa mpole kwake, na sioni kwa nini kifo kitulazimishe sote wawili kuwa waongo. Kwa hiyo naandika hapa, ambapo hakuna wa kunikataza.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikaa Kinoo, kwenye ploti ya Mama Shiro ya nyumba za kupanga, ghorofa ya tatu, chumba kimoja chenye dirisha lililotazama kamba za nguo za ploti ya jirani, na chini yake palikuwa na mama aliyekaanga mandazi kuanzia alfajiri, kwa hiyo mapazia yangu yalinuka mafuta mwaka mzima hata nikiyafua mara ngapi. Kitanda nilikisukuma ukutani, mbele ya ukuta wa pili nikaweka meza, kiti na ubao mweupe mdogo nilioununua mjini. Hapo ndipo palipokuwa shule yangu. Nilifundisha Kiswahili kwa video, wanafunzi wakiwa ng'ambo: manesi, wachungaji, wazee waliostaafu na kutaka kwenda kuona twiga wakijua kusema asante. Watu hunicheka nikisimulia, kwamba mtu wa Nairobi, tena Mkisii, anafundisha Kiswahili. Wacheke. Nje ya mlango wangu nilisema "niaje" na "kitu yangu" kama kila mtu, lakini nikivaa zile spika za masikioni nilikuwa na ngeli zote mahali pake. Ile kazi niliipata mwenyewe, bila mjomba wala barua ya mtu, kwa kufanya mtihani wa saa tatu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba. Sijawahi kukipenda kitu kama nilivyoipenda kazi ile.

Ila nilikuwa kwenye majaribio ya mwaka mmoja, na sharti la waajiri wangu lilikuwa jepesi kuelewa. Mwalimu akikatikiwa na somo mara tatu, anaondolewa. Hawakuuliza sababu. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimeshakatikiwa mara mbili, zote Alhamisi mchana, uso wangu ukiganda kwenye skrini mdomo wazi, mwanafunzi akiita "Mwalimu? Mwalimu?" mpaka naye akatoweka. Ilibaki mara moja. Nililala na hiyo mara moja, nikaamka nayo, nikanywa nayo chai.

Intaneti ya ploti ile ilikuwa moja tu, ya kampuni ndogo ya vijana wa mtaa, na kijana mmoja kati yao alikuwa mpwa wa mzee wa kanisa la Mama Shiro. Nyumba ishirini na nne zilinyonya waya mmoja. Asubuhi ilikwenda kidogo, adhuhuri ilitambaa, na kukiwa na jua kali ilikata kabisa. Ukiwapigia simu wale vijana walikuwa na dawa moja ya magonjwa yote: "Zima rauta, hesabu hadi kumi, washa." Nilihesabu kumi mwaka ule kuliko mtoto wa chekechea. Hatimaye nikashuka kumwona mwenye nyumba mwenyewe. Mambo ya wapangaji aliyamalizia getini, akisimama na mkono mmoja kiunoni, mkono mwingine umeshika funguo. Nikamwambia kuna kampuni kubwa imepitisha waya wake barabarani, wako tayari kuingiza nyumbani kwangu, kinachotakiwa ni tundu moja tu la waya.

"Nyumba yangu haitobolewi," akasema. "Leo wewe, kesho yule wa ghorofa ya pili. Nitabaki na ukuta ama nitabaki na kichungi?"

"Mama, ni kazi."

"Kazi gani hiyo ya kukaa ndani ukiongea na ukuta? Watu wananiuliza, yule msichana wa juu anaongea na wazungu siku mzima anawaambia nini? Mimi nijibu nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa ninavyozungumzwa. Nilikuwa nimewahi kusikia vipande vyake kupitia ukuta, maana kuta zile zilikuwa nyembamba. Jirani yangu Achieng', aliyeshona nguo za watoto na kuziuza mtandaoni, alipopata wageni nilisikia mmoja akiuliza, "Na huyo wa hapa kando hufanya nini?" kisha vicheko, kisha Achieng' akisema, "Wacheni, ni mwalimu," lakini akiwa anacheka pia. Nilimkasirikia siku mbili. Siku ya tatu akanigongea na sahani ya omena na ugali, tukala pamoja, tukapatana. Sikumwambia nilisikia. Namwambia leo.

Basi nikaanza kutafuta njia nyingine. Nilijaribu simu kwanza, kununua bando na kuigawia kompyuta. Mtandao wa simu ulishika vizuri mahali pamoja tu, juu ya paa, katikati ya kamba za nguo. Wiki mbili nilifundishia pale, nimejifunga leso kichwani kwa upepo, shuka za watu zikinipiga mgongoni, jogoo wa jirani akiwika katikati ya wakati uliopita. Bando liliisha haraka kuliko sukari kwenye nyumba ya watoto. Nikajaribu Karen, mtaa wa matajiri, kwenye mkahawa mmoja wa maduka makubwa, na siwezi kudanganya, intaneti ya kule iliteremka kama maji ya mfereji. Lakini ilinibidi niwe na kikombe cha kahawa mbele yangu muda wote, na mhudumu alinijia kila nusu saa kuuliza kama nitaongeza kitu. Niliongeza mpaka moyo ukanidunda. Siku ya tatu mama mmoja wa meza ya pili alimwita mhudumu akamwambia, nami nasikia, kwamba hapa si ofisi ya mtu. Nilimaliza somo langu mpaka dakika ya mwisho, nikasimama polepole, nikamtakia siku njema kwa Kiswahili cha redioni.

Palipokuwa pazuri kuliko kwingine ni mjini, kwenye saiba ya Bwana Pradeep, chumba cha kompyuta za kulipia juu ya duka la vitambaa. Alikuwa mzee wa Kihindu, mfupi, aliyefukiza udi kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine hata moja, na mkewe aliteremka saa saba na mikate myembamba ya viungo iliyokunjwa kwenye gazeti, akanipa miwili bila kuuliza kama nina njaa. Alinitengea kibanda cha kona. "Mwalimu, hapa laini yangu haikati," aliniambia, "lakini mdomo ya watu pia haikati. Wewe vumilia." Kweli. Nilifundisha nikiwa na foleni ya wanaotoa nakala za vitambulisho mgongoni. Lakini somo lilifika mwisho, na hilo ndilo nililolitaka.

Kisha ikaja barua kutoka kwa msimamizi wetu, Bi. Rehema, Mtanzania wa Tanga aliyeishi ng'ambo miaka mingi na kusahihisha Kiswahili chetu kama anayepepeta mchele. Angeketi kwenye somo langu moja kabla ya kuamua kama naajiriwa moja kwa moja. Alitaka anione mahali pangu pa kila siku, nyumbani, penye utulivu na ubao, saiba hakuikubali. Siku aliyoipanga ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Nilimwomba anibadilishie siku. Akajibu kwa adabu kwamba mwalimu wa nyumbani hufundisha siku zote. Nilipolisoma jibu lake mara ya pili maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Kwa nini intaneti ilikata Alhamisi? Jibu lilipatikana kwa bahati, na kwa mafua. Mama Shiro aliugua wiki ileile, na kama ilivyo kawaida, wapangaji tukachanga maziwa, mkate na machungwa tukaenda kumjulia hali, mimi na Achieng' tukiwa wajumbe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia sebuleni mwake. Palikuwa na vitambaa vya kufuma kila mahali: kwenye viti, kwenye mikono ya viti, juu ya redio, juu ya televisheni, juu ya friji, hata juu ya galoni ya maji. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, blanketi hadi kidevuni, akitupa maagizo ya chai kwa sauti ya kikohozi. Nami nikaona kwenye rafu, chini ya vitambaa vitatu, kimoja juu ya kingine, na juu yao chombo cha maua ya plastiki, taa ndogo ya kijani ikipepesa kupitia matundu ya uzi. Nikanyoosha mkono nikagusa. Kilikuwa kisanduku cha rauta, cha moto kama sufuria.

"Hicho kitambaa nimefuma mwenyewe," Mama Shiro akasema kutoka kochini. "Usikishike na mikono ya machungwa."

"Mama, hii ndiyo intaneti ya ploti nzima?"

"Waliiweka hapo kwa sababu ndani ni salama. Musyoka alitaka aweke kwa ngazi, iibiwe." Musyoka alikuwa mwangalizi wa ploti. "Mimi naitunza. Haipati vumbi."

"Inaungua, mama. Inakosa hewa."

"Imekaa hapo miaka miwili haijalalamika."

Achieng' akanikanyaga mguu. Sikunyamaza. Nikamuuliza, kama ninayeuliza hali ya hewa, Alhamisi huwa inafanyiwa nini. Akanitazama kama mtoto mzito wa kuelewa. Alhamisi ni mkutano wa akina mama kanisani, tangu saa nane hadi saa kumi na mbili, na yeye akitoka nyumbani huzima kila soketi ukutani. Televisheni, redio, friji, na hiyo. Nyumba ya dadake iliungua Gitaru kwa sababu ya waya ulioachwa ukiwaka, na tangu siku hiyo hajawahi kutoka akaacha kitu kinawaka, hata saa moja, hata kwa nani. Alipolisema hilo la dadake sauti yake ilishuka, na nikaamini hofu yake. Nataka liandikwe pia kwamba niliamini. Lakini hofu yake ilikuwa inanila mimi. Nilimwambia Alhamisi hii nina mtihani wa kazi saa tisa, kwamba ikikatika nimefutwa, kwamba namwomba siku moja tu. Akasema Alhamisi ni Alhamisi. Tulipotoka, Achieng' alinishika mkono kwenye ngazi. "Wee Moraa, wachana na huyu mama, atatufukuzisha sisi wote. Mwambie huyo boss wako ukweli, uombe radhi."

Niombe radhi ya nini? Bado najiuliza, miaka kumi na miwili baadaye. Katika mji huu tumezoea kuomba radhi kwa vitu tulivyonyimwa. Maji yakikosa unaomba ndoo kwa jirani kwa sauti ya mkosaji. Waya ukikatika unamwomba mwanafunzi msamaha, kana kwamba wewe ndiye uliyefunika mashine kwa maua ya plastiki. Usiku ule niliamua sitaomba tena.

Alhamisi saa nane kasorobo nilishuka ngazi nikiwa na kompyuta kwapani, ubao mkononi na kiti changu kichwani. Mama Shiro alikuwa amepona, amevaa sare ya kanisa na kitambaa cheupe kichwani, ameshazima televisheni na anaelekea friji. Nilipita mlangoni bila kukaribishwa, nikaweka kiti karibu na rafu.

"Mama, leo nafundishia hapa. Zima vitu vyote ila hii."

"Na mimi nitoke nyumba ikiwa wazi?"

"Usiiache wazi. Nifungie ndani."

Akacheka kidogo, akaona sicheki. "Na ikishika moto?"

"Ikishika nitakuwa hapa. Nitaizima mimi. Nikishindwa, nitaungua nayo, na wewe hutakuwa na mpangaji wa kukusumbua."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anangoja nilegee, na nadhani aliona silegei, na yeye pia hakuwa mtu wa kulegea. Akatoa vile vitambaa vitatu kwenye rauta, kimoja kimoja, akavikunja, akaviweka kwenye mkoba wake pamoja na Biblia. Akatoka. Nikasikia mlango wa chuma ukivutwa, kufuli ikilia, na viatu vyake vikienda. Musyoka alikuwa uani, nilimsikia akisema, "Mama, kuna mtu ndani," na yeye akijibu, "Najua."

Saa tisa kamili Bi. Rehema akatokea kwenye skrini, kalamu mkononi, na mwanafunzi wangu Ilse, nesi aliyekuwa anajiandaa kwenda Kigoma. Somo lilikuwa vitu vya nyumbani. Nilikuwa nimepanga kutumia picha, nikaziacha, maana nilikuwa nimezungukwa na sebule nzima. Nikageuza kompyuta, Ilse akataja kiti, viti, kitambaa, vitambaa, vyangu, vyake. Alipokosea nilimrudisha, akacheka, akarudi. Laini haikuyumba. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile, na nasema hivyo bila aibu. Kwenye dakika ya arobaini Bi. Rehema akanikatiza.

"Mwalimu Moraa, samahani. Sura yako ina kiza. Hebu fungua huo mlango wa nyuma yako, mwanga uingie."

Ningeweza kusema bawaba imeharibika. Ningeweza kusema kuna mbwa.

"Haufunguki, Bi. Rehema. Nimefungiwa kwa nje."

Ilse akaacha kuandika. Bi. Rehema akaweka kalamu chini. "Nani aliyekufungia? Uko salama, mwanangu?"

"Niko salama. Mwenye nyumba huzima umeme wa rauta akitoka, kwa sababu anaogopa moto. Nimemwomba anifungie nayo ili isizimwe. Atarudi saa kumi na mbili." Nikasikia ninavyosikika, nikaendelea hivyohivyo. "Umesema unataka kuona mahali ninapofundishia. Ndipo hapa. Kama mwalimu wa namna hii hakufai, niambie sasa. Kama anamfaa mwanafunzi, tumebakiza dakika ishirini na hatujafika jikoni."

Nikatazama ile taa ya kijani kuona kama imekufa. Ilikuwa inapepesa. Bi. Rehema akachukua kalamu yake.

"Twende jikoni," akasema.

Barua ya ajira ilifika kwenye kompyuta saa kumi na moja na robo, nikiwa bado nimefungiwa, bila chakula na nikihitaji choo vibaya. Niliisoma nikiwa nimekaa chini, mgongo kwenye friji iliyozimwa, nikalia peke yangu kwa raha zangu. Saa kumi na mbili na nusu kufuli ikalia. Mama Shiro aliingia, akanusa hewa kwanza, akaenda moja kwa moja ukutani akaweka kiganja kwenye soketi, kisha kwenye rauta.

"Haina moto," akasema, kama mtu aliyeibiwa.

"Haina, mama. Ilikuwa inataka hewa tu. Nimepata kazi."

Akaketi kwenye kochi, akavua viatu. Alikuwa amechoka. Akasema, bila kunitazama, "Basi sikia. Wewe nitakuachia Alhamisi. Lakini usiwaambie wale wengine, kila mtu ataanza kunipangia nyumba yangu."

Huo ndio ulikuwa ukarimu wake, na nilijua umemgharimu. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Ningesema asante nikapanda ngazi na kiti changu. Lakini nilimfikiria Achieng' akingoja wateja mchana mzima mbele ya skrini iliyoganda, na yule kijana wa ghorofa ya kwanza aliyekuwa anafanya mitihani ya chuo kwa mtandao, na kuhesabu kumi kwetu sote.

"Hapana, mama. Iache ya wote ama uizime ya wote. Mimi nitawaambia."

"Basi uhame mwisho wa mwezi."

"Sihami."

Sidhani kama kuna mtu aliwahi kumwambia neno hilo katika nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa kuuza kabichi. Nikabeba kiti changu, nikamtakia usiku mwema, nikapanda. Nilimweleza Achieng' yote, naye akashika kichwa, akaniambia nimeshawauza wote, kisha akanipa chai. Wiki nzima hatukusalimiana na Mama Shiro. Nilipomkuta getini alihesabu funguo zake.

Alhamisi iliyofuata nilikaa mbele ya meza yangu, chumbani mwangu, ghorofa ya tatu. Saa nane nikasikia mlango wa chuma wa sebule yake ukifungwa, na viatu vyake vikipita uani kwenda kanisani. Ilse akatokea kwenye skrini akanisalimu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nangoja uso wake ugande. Dakika ikapita, na nyingine. Upande wa pili wa ukuta nyimbo za Achieng' ziliendelea kucheza kwenye mtandao, zikaisha, zikaanza nyingine.

"Mwalimu?" Ilse akaita. "Mwalimu, unanisikia?"

"Nakusikia," nikasema. "Fungua daftari."